Gundi ya Franzen, shukrani za Zadie Smith

Wasomaji wengi huuruka ukurasa wa shukrani. Mimi siuruki, na ule wa NW, riwaya ya Zadie Smith ya mwaka 2012, ulinichekesha: miongoni mwa wanaoshukuriwa zimo programu mbili za kompyuta, Freedom na SelfControl. Kazi yake ni kukufungia intaneti kwa muda uliopanga mwenyewe. Hiyo ya pili ni katili. Hata uizime kompyuta na kuiwasha tena, tovuti ulizozipiga marufuku hazifunguki mpaka muda uishe.

Miaka miwili kabla, Jonathan Franzen alilieleza jarida la Time mbinu yake. Aling'oa kadi ya Wi-Fi, akachomeka kebo ya intaneti kwa gundi kisha akaikata kichwa, tundu likazibwa moja kwa moja. (Riwaya aliyoitoa mwaka huo inaitwa Freedom. Sadfa tu, lakini tamu.)

Kisa cha Franzen ndicho kinachopendwa kusimuliwa, maana kina ushujaa. Kusema kweli, mimi namwamini zaidi Smith, na ushahidi uko ndani ya NW yenyewe. Sehemu iitwayo "Host" ameivunja vipande 185 vyenye namba, vingine mistari michache tu, na kuna mahali mazungumzo yamegeuka kuchati. Natalie, wakili, mke na mama, ana maisha ya pili mtandaoni ambayo mumewe hayajui. Yaani mgeni aliyefungiwa mlango kapitia dirishani, tena kapewa kiti. Unavisoma vile vipande kama unavyoperuzi simu, haraka haraka, halafu unashtuka kuona kwamba ni maisha ya mtu ndiyo yaliyokatika hivyo. Hapo panauma. Mwandishi asiyeujua ule mvuto asingeweza kupaandika, hata angekuwa na ndoo nzima ya gundi.

Ninachogombana nacho, kwa wote wawili, ni kwamba kompyuta yao ni ya kuandikia tu, ukiifunga hupotezi kitu. Kwetu hadithi nyingi za "itaendelea kesho", zile za Facebook na magrupu ya WhatsApp, zinaandikwa kwenye simu kwa kidole gumba. Simu hiyo hiyo ndiyo kalamu, ndiyo benki, ndiyo mama anapopiga kuuliza kama umekula. Na msomaji anayedai sehemu ya 14 naye yumo humo humo. Ukizima data, umemzima na yeye.

Ajabu ni kwamba nyingi nilizozisoma hazionyeshi hata alama ya simu zilikozaliwa. Sura imenyooka kama ya kitabu cha zamani, na simu inatajwa tu mtu akitaka kumpigia mwenzake. Natamani nisome moja ambayo mapenzi yamekolea, sentensi iko katikati, halafu mtandao unaingilia kumwambia msimulizi salio lake halitoshi, naye inabidi aendelee kutokea hapo.