Ramani ya Zamani na Majina ya Vitu Vyake

Ramani ya kawaida hushuhudia hali ya siku moja. Mchoraji akisha kuinua kalamu yake, mto waweza kuhama, mji waweza kukua na mpaka waweza kusogezwa. Ramani haina habari. Katika zama zetu imezuka ramani ya namna nyingine. Huchorwa kwa kompyuta na watu wengi wa nchi mbalimbali, wasiolipwa, nayo imejitwika kazi ya kuonyesha dunia ilivyokuwa katika kila mwaka. Jina lake ni OpenHistoricalMap. Nakuomba, msomaji, tuipime kama tupimavyo kitabu: tutazame shabaha yake, sifa zake na upungufu wake.

Asili yake ni ramani nyingine, OpenStreetMap, iliyoanzishwa na Steve Coast huko Uingereza mwaka 2004. Katika ramani hiyo kila kitu huchorwa kwa nukta, au kwa mstari, au kwa fungu linalounganisha vitu kadhaa. Kisha hupewa lebo. Lebo moja husema kuwa hiki ni kisima, nyingine hutaja jina lake. Hakuna mkuu anayetoa orodha ya lebo. Mtu yeyote aweza kubuni mpya, na desturi ya wachoraji ndiyo huamua ipi idumu. Lakini ramani hiyo huonyesha mambo ya leo tu: nyumba ikibomolewa hufutwa. OpenHistoricalMap ilirithi lebo hizo, ikazifanya mbili kuwa uti wa mgongo wake, yaani tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Mtazamaji huchagua mwaka, na ramani humwonyesha vitu vya mwaka ule.

Jambo hili laonekana dogo, walakini linamlazimisha mchoraji kufikiri. Chukua reli ya kutoka Mombasa kwenda Ziwa la Viktoria. Kazi ilianza mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901. Mchoraji akiipa njia yote tarehe moja, atasema uongo. Hana budi kuikata vipande, kila kipande na mwaka wake. Tena, reli ilipofika Kisumu, mji huo ulikuwa katika himaya ya Uganda. Ni mwaka 1902 ndipo mkoa ule ulipohamishiwa upande wa himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya. Basi reli ilivuka mpaka, halafu mpaka nao ukaivuka reli. Ramani ya karatasi ingehitaji kurasa nyingi kueleza habari hiyo. Hii huieleza kwa kusogeza mwaka mmoja. Hiyo ni sifa kubwa, nayo yastahili kutajwa kwanza.

Ugumu huanza pale kitu kimoja kinapobadilika kazi. Fort Jesus ya Mombasa ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Waomani waliiteka mwaka 1698 baada ya mazingiwa marefu. Waingereza waliifanya gereza mwaka 1895, na mwaka 1958 gereza lilifungwa, ngome ikawekwa chini ya ulinzi kama kumbukumbu ya taifa. Leo ni makumbusho. Je, tuandike kuwa ni ngome, gereza au makumbusho? Wachoraji wamepata jibu la busara: kila hali huandikwa peke yake kwa miaka yake, kisha hali zote hufungwa pamoja katika fungu moja la mfuatano. Hivyo kuta hubaki zile zile, nayo matumizi, majina na wenye mamlaka hupita juu yake kama wageni. Ukiandika historia ya shule yako au ya soko la kwenu, fuata kanuni hiyo: tenga kitu na kazi yake, na kazi yake na jina lake.

Kuna pia suala la shaka. Magofu ya Gedi, karibu na Malindi, ni ya mji ulioachwa na watu wake yapata karne ya 17. Hakuna ajuaye siku aliyotoka mtu wa mwisho. Ramani hii ina namna ya kuandika tarehe za kukadiria, na hiyo ni heshima kwa ukweli. Lakini shaka ikikaa ndani ya lebo peke yake, haimfikii anayetazama picha. Mstari mweusi humwambia mtu kwamba jambo ni la hakika. Mpaka wa nchi uliopimwa kwa minyororo na eneo ambalo wafugaji walilipitia kwa majira havistahili kuchorwa kwa wino mmoja.

Sasa tuje penye upungufu ulio mzito zaidi. Zitazame kaya za Mijikenda katika pwani ya Kenya. Zilikuwa vijiji vilivyojengwa ndani ya msitu, na msitu ukawa boma lao. Wakazi walihama kidogo kidogo, na kufikia miaka ya 1940 vijiji vilikuwa vimeachwa. Mchoraji wa mbali ataandika kuwa kaya ilikwisha. Au ataiita msitu, kana kwamba ni miti tu. Au magofu, kana kwamba imekufa. Lakini wazee bado huitunza na kuomba humo, na mwaka 2008 UNESCO iliingiza misitu kadhaa ya kaya katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kilichokwisha ni makazi; kaya haikwisha. Lebo zilizozaliwa katika mitaa ya Ulaya hazina neno la mahali kama hapo, na palipokosekana neno, kitu hupotea. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tena si kila kijulikanacho kinafaa kuanikwa. Vigango, nguzo za mbao ambazo Mijikenda husimamisha kwa ajili ya wahenga wao, viliibwa kwa wingi na kuuzwa hadi Marekani. Ramani iliyo wazi kwa wote i wazi kwa mwizi pia. Kuainisha ni pamoja na kujua kipi kiandikwe kwa nukta kamili, kipi kwa eneo pana, na kipi kiachwe mpaka wenyewe waridhie.

Hukumu yangu ni hii. OpenHistoricalMap ni kazi njema, kwa sababu imeupa wakati nafasi katika ramani na imeacha mlango wazi. Upungufu wake wa maneno hautatibiwa na wageni, hata wakiwa na nia safi. Utatibiwa na wanaojua kaya ni nini, na ambao lebo mpya hawakatazwi kuibuni. Wewe, msomaji, huenda una babu ajuaye mahali kijiji chenu kilipokuwa kabla ya kuhama. Muulize jina la mahali hapo, muulize nyakati zake, na muulize kama ameridhia liandikwe. Kisha ndipo ushike kalamu.