Jibu la Jadi na Jibu Sahihi: Kitendawili na Ujifunzaji wa Dhana za Uhusiano

Uhakiki wa vitendawili vya Kiswahili umezoea kudai kwamba kipera hiki hunoa bongo za watoto, bila kufafanua hunolewa vipi. Mulokozi (1989) anakiweka kitendawili katika utanzu wa semi, pamoja na methali na mafumbo. Uainishaji huo unabainisha vyema ufupi wa umbo lake. Hata hivyo, hauonyeshi kazi ya kiakili inayofanyika baina ya swali na jibu.

Kazi hiyo ni ulinganishi. Kwa mujibu wa Gentner (1983), mlinganisho wa kina hauegemei sifa za vitu, bali mahusiano baina ya sehemu zake. Uyoga haufanani na nyumba kwa ukubwa, rangi wala matumizi. Katika kitendawili "Nyumba yangu ina nguzo moja", kinachofanana ni uhusiano: kitu kimoja kilicho chini kinabeba kingine kilichotanda juu yake. Mtoto mdogo huelekea kushika sifa za kitu kabla ya uhusiano. Christie na Gentner (2010) waliwaonyesha watoto wa miaka 3 na 4 picha za wanyama waliopangwa kwa namna fulani, wakaupa mpangilio huo jina jipya. Walioonyeshwa mfano mmoja walielekea kulihamishia jina hilo kwenye picha yenye mnyama yuleyule. Walioilinganisha mifano miwili iliyowekwa pamoja walielekea zaidi kuchagua mpangilio uleule.

Matokeo hayo hayawezi kuhamishiwa kwenye kitendawili kijuujuu. Katika jaribio hilo, pande zote za ulinganisho zilikuwa wazi. Katika kitendawili, upande mmoja umefichwa. Anayekitegua ama tayari anao uhusiano unaohitajika, ama amekariri jibu. Kwa hiyo, kwa mtoto mdogo, wakati wenye manufaa zaidi huenda usiwe ule wa kutegua, bali ule unaofuata kushindwa. Mtegaji akishapewa mji na kutaja jibu, nyumba na uyoga huwa mbele ya mtoto kwa pamoja, naye anaweza kuvilinganisha. Utoaji wa mji, ambao ni rahisi kuuona kuwa pambo la fomula tu, ndio unaoufungua ulinganishi.

Hapo ndipo udhaifu wa ufundishaji unaodai jibu moja unapodhihirika. Mtoto anayejibu "mwavuli" badala ya "uyoga" ameushika uhusiano wenyewe, pengine kuliko mwenzake aliyekariri. Kumhesabia kosa ni kupima kumbukumbu kwa jina la fikra. Inaweza kupingwa kwamba jibu la jadi ni mali ya jamii, na kwamba kila jibu likikubaliwa kipera kitapoteza utambulisho wake. Pingamizi hilo lina uzito, lakini linachanganya mambo mawili: jibu la jadi na jibu sahihi. Mwavuli hauufuti uyoga. Ukiwekwa kando yake, unampa mtoto mfano wa pili, na mfano wa pili ndio unaoufanya uhusiano uonekane.

Uhakiki unaotaka kulitetea dai la kunoa bongo hauna budi, basi, kubadili data yake. Mikusanyo inayoorodhesha swali na jibu pekee haiwezi kulithibitisha dai hilo wala kulikanusha. Kinachohitajika ni rekodi ya majibu yaliyokataliwa, na ya maelezo yaliyotolewa baada ya mji.