Pongezi kwa Fundi wa Matairi

Tangu mwaka 1953, yalipoasisiwa mashindano ya Safari kwa taadhima ya kutawazwa Malkia Elizabeth wa Pili, na magari yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika katika matope na mavumbi, sifa zimewaendea madereva hodari, kama Joginder Singh aliyeshinda kwa Volvo mwaka 1965; walakini tairi, ambalo ndilo peke yake hukutana na ardhi, aghalabu halitajwi ila linapopasuka. Na tangu 2003, magari ya kale yaliporejeshwa njiani katika mashindano yao mahsusi, hekima ya tairi imezidi kudhihirika.

Kwa hiyo pongezi zangu namtunukia fundi wa pancha wa Mafiga, ambaye, milima ya Uluguru ikimtazama, huizamisha tyubu katika karai la maji, akangoja kwa subira mapovu yamwonyeshe tundu, akaisugua kwa msasa, akapaka gundi na kubandika kiraka, wala haridhiki mpaka apitishe kiganja ndani ya tairi, taratibu, kuutafuta msumari uliobaki. Amali yake ni amana: roho za wasafiri zimo mikononi mwake.