Tisha, Tishia na Ogofya: Maneno ya Hofu katika Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Tangu Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika umeandikwa sana kwa Kiingereza. Mwanafunzi anayetaka kuzirudisha habari hizo katika Kiswahili hukutana upesi na maneno manne yanayojirudia: scare, frighten, terrify na threaten. Kamusi humjibu bila taabu. Humpa tisha, tishia, ogofya, ogopesha na tia hofu, kisha humwacha achague. Akichukua lolote, sentensi yake itasimama. Ila si ajabu kwamba maana itaanguka. Sababu ni kwamba lugha hizi mbili hazikuligawa jambo la hofu kwa namna moja.

Maneno manne ya Kiingereza hayana undugu wa shina. Frighten ni la Kiingereza cha kale. Scare lilitoka katika lugha za Skandinavia. Terrify lina asili ya Kilatini. Matatu haya hutofautiana zaidi kwa uzito. La Skandinavia laweza kusemwa hata juu ya mtoto aliyeshtuliwa na mwenzake nyuma ya mlango, na la Kilatini huwekwa kwa hofu inayolegeza magoti. La nne, threaten, limesimama peke yake. Asili yake ya kale ilitaja kundi la watu na pia mkandamizo, kama kwamba kumtishia mtu ni kumsongea kwa wingi mpaka akose pa kupita. Basi Kiingereza kina mizani ya kupimia hofu, nacho humpa mwandishi neno jipya kila uzito unapozidi.

Kiswahili hakikufuata njia hiyo. Mali yake imo katika mnyambuliko. Ogofya limezaliwa na ogopa, kwa kanuni ile ile ya zamani iliyozaa levya kutoka lewa, ponya kutoka pona, na onya kutoka ona. Kuonya ni kumfanya mtu aone. Kuogofya ni kumfanya mtu aogope. Kwa hiyo neno lenyewe linamtaja kwanza mwenye kuogopa, ndipo linamtaja mwenye kumwogofya. Ama tisha na tishia, hayo ni mzazi na mwana. Tisha ni hofu iliyokwisha fika. Tishia, kwa irabu moja iliyoongezwa, ni hofu iliyotumwa, nayo haijulikani kama imepokelewa. Mtu aweza kusema, "Alimtishia, lakini hakutishika," na maneno yakawa sawa. Akisema, "Alimwogofya, lakini hakuogopa," msikilizaji atauliza, "Alimwogofyaje, basi?"

Tofauti hii yaweza kudhaniwa kuwa ni ya darasani tu. Habari za Ujiji zaonyesha kuwa sivyo.

Kitabu kikuu cha Kiswahili kinachohusu biashara ya bara katika karne ya 19 ni maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye dunia yamjua kwa jina la Tippu Tip. Aliyaandika mwenyewe, Heinrich Brode akayatoa Berlin pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na W. H. Whiteley akayatafsiri kwa Kiingereza katika miaka ya 1958 na 1959. Ni masimulizi ya mtu mtulivu. Safari hufuata safari, pembe huhesabiwa, vita hutajwa na kwisha, na msimulizi hapandishi sauti. Msomaji akitafuta humo sauti ya waliokimbia ataitafuta sana, kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi mwa mwenye bunduki.

Hata hivyo sauti hiyo ipo, nayo imo katika jina. Mwenye jina alieleza kuwa limetokana na mlio wa bunduki zake. Wengine walisema ni kwa sababu ya macho yake yaliyokuwa yakipepesa. Ikifuatwa kauli yake mwenyewe, jina hilo si sifa wala si cheo. Ni mlio ulionaswa na sikio la mtu aliyekuwa upande wa pili wa mtutu. Walioogopa hawakuandika kitabu, lakini walimpa mwandishi wa kitabu jina, naye akalichukua. Whiteley aliliacha jina hilo kama lilivyo, na alifanya vema. Mlio hautafsiriki, angeugeuza kuwa sifa ya Kiingereza, angemnyang'anya aliyeogopa neno lake la pekee na kumkabidhi aliyemwogofya.

Mfano wa pili ni wa Ujiji penyewe. Muhammad bin Khalfan el Barwani, mshirika wa Tippu Tip aliyeutawala mji huo na biashara ya ziwa, alijulikana kwa jina la Rumaliza. Sikio la Kiswahili husikia humo maliza, na sikio la jirani wa ziwa husikia ru- ile iliyomo katika majina makuu ya Rwanda, kama vile Rudahigwa. Mfasiri akiandika kwa Kiingereza exterminator, atakuwa ameeleza tendo, lakini atakuwa amelifunga lililokuwa wazi. Maliza ni neno la kila siku: watu humaliza kazi, humaliza deni, humaliza chakula. Kitisho cha jina hili ni kwamba halisemi kinachomalizwa. Msikilizaji ndiye anayeachiwa nafasi ya kujaza, naye hujaza kwa kile anachokipenda kuliko vyote.

Lakini jina, hata likiwa zito namna gani, haliogofyi kila sikio. Mwami Mwezi Gisabo wa Burundi alilisikia jina la Rumaliza, akayakabili majeshi yake na kuyazuia yasiingie katika nchi yake. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Kwa Gisabo, Rumaliza alitishia. Kwa vijiji vya mwambao vilivyokwisha kuona moto, Rumaliza aliogofya. Mtu ni yule yule na jina ni lile lile. Kilichobadilika ni sikio na yale lililoyapitia. Mwaka 1894 majeshi ya Dola Huru ya Kongo, yakiongozwa na Dhanis, yalimshinda, na mwenye kumaliza akamalizwa.

Huko Kongo, ng'ambo ya ziwa, lilikuwako jina la tatu. Stanley, aliyemkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, baadaye alipasua njia katika miamba ya Kongo ya chini, na watu wa huko wakamwita Bula Matari, mvunja mawe. Hapo mwanzo jina hilo lilieleza kazi iliyoonekana kwa macho. Baadaye likahamia kwa serikali yenyewe, na kwa mateso ya mpira na viboko likawa jina la kuogopwa. Herufi hazikubadilika hata moja. Stanley alilipenda jina hilo, nalo limechongwa katika jiwe la kaburi lake huko Pirbright, Uingereza. Msomaji Mwingereza anayesimama mbele ya jiwe hilo husoma sifa. Mzee wa Kongo aliyetozwa mpira angesoma jambo jingine.

Hoja hii yaweza kujaribiwa kwa njia ya kinyume, maana mwambao huo huo ulipata kuona hofu isiyokuwa na kitu ndani yake. Mwaka 1915 Waingereza walileta ziwani boti mbili za vita. Kamanda wao, Spicer-Simson, alitaka ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wake wakakataa, ndipo akaziita Mimi na Toutou, majina ya Kifaransa ya kitoto yenye maana ile ile ya paka na mbwa. Kwa sikio la Kiswahili moja ya boti hizo ilijitaja tu kuwa "mimi". Majina hayo hayakumtisha mtu, lakini boti ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani na kuizamisha Hedwig von Wissmann.

Wajerumani nao walikuwa na meli kubwa kuliko zote, Graf von Götzen, iliyounganishwa Kigoma. Katika mwaka 1916 mzinga wake mkubwa uliondolewa kwenda kutumika nchi kavu, na mahali pake ukawekwa wa mbao. Mwaka huo huo boti za Waingereza zilifika mbele ya ngome ya Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga. Kamanda aliiona mizinga juu ya ngome, akageuka. Wajerumani wakapata nafasi ya kutoroka. Baadaye ikajulikana kuwa mizinga ile ilikuwa magogo. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Gogo halina uwezo wa kumwogofya mtu asiyeujua mzinga. Lilimgeuza kamanda kwa sababu yeye aliujua mzinga vizuri. Kiingereza kitauliza hofu ya kamanda ilikuwa na uzito gani. Kiswahili kitasema kuwa magogo yalitishia, na kamanda akatishika, yaani kitisho kilitumwa bila silaha na kikapokelewa kamili. Götzen yenyewe ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka huo, ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaitwa Liemba, jina la zamani la ziwa lisilokuwa na kitisho chochote.

Kutokana na hayo, kosa la mfasiri anayepanga maneno mawili mawili, hili kwa lile, laonekana wazi. Akiandika kila mahali kwamba wafanyabiashara wa Ujiji "waliwatisha" wenyeji, atakuwa amewafanya wenyeji wote kuwa watu wa hofu, hata wale waliosimama imara kama watu wa Gisabo. Akiandika kila mahali kwamba "waliwatishia", atakuwa ameyafanya mateso ya vijiji vilivyochomwa kuwa maneno matupu. Yote mawili ni dhuluma, moja kwa mashujaa na moja kwa waliofiwa. Kabla ya kuandika, mfasiri hana budi kuuliza: nani aliyeogopa? Je, hofu ilifika au ilitumwa tu? Na mwenye kuogopa alikuwa amekwisha kuona nini? Kiingereza kinamruhusu kuyapita maswali hayo, kwa kuwa kinamtaka kupima uzito tu. Kiswahili humdai jibu katika kitenzi chenyewe, na asiyekuwa na jibu ni heri arudi katika habari yake aisome tena kabla ya kuifasiri.