Provence, kwa Upande wa Fundi

Kama umewahi kutamani kulala kwenye nyumba ya mawe iliyokarabatiwa mashambani Ufaransa, huenda mchawi ni Peter Mayle na kitabu chake *A Year in Provence* (1989). Mimi pia alininasa. Mwingereza huyu ananunua nyumba kuukuu kule Luberon, halafu sura 12, mwezi baada ya mwezi, anangoja mafundi. Wanabomoa ukuta, wanapotea. Kumbe fundi wa "niko njiani" yuko hata Ufaransa! Desemba anawaalika kwa sherehe, pamoja na wake zao, ndipo kazi inaisha. Nilicheka, si uongo. Lakini fundi bomba anaongea kwa mdomo wa mwenye nyumba tu. Ningelipia sura moja ya fundi akimsimulia mteja huyu.