Bamia, Magadi na Nyanya: Uchambuzi wa Gumbo Iliyopikwa Homa Bay

Gumbo, mchuzi mzito ambao ni fahari ya Wakrioli wa New Orleans huko Marekani, ni chakula kinachomhadaa mpishi mgeni. Kwani akiisoma orodha ya viungo vyake huona kwamba karibu vyote, au badala ya kila kimoja, hupatikana katika soko la Homa Bay au la Rongo kwa asubuhi moja, akadhani kwamba kazi imekwisha, ilhali taratibu ya kuviunganisha, ambayo ndiyo roho ya chakula chenyewe, haiuzwi kwa fungu wala kwa kilo. Gumbo ninayoichambua hapa ilipikwa katika nyumba moja ya mji wa Homa Bay, juu ya jiko la makaa, kwa ajili ya jamaa ya watu wanane ambamo walikuwamo watoto wasiostahimili pilipili, mzee ambaye meno yamempungua, na wageni waliotoka Awendo katika kaunti jirani ya Migori. Nayo ilifaulu, kwa maoni yangu, kwa sababu moja iliyozidi nyingine zote, ya kwamba mpishi aliamua kabla ya kuwasha moto ni kitu gani kitakachotawala uzito wa mchuzi, na ni kipi kitakachokuwa msaidizi tu.

Uamuzi huo si mdogo, maana mchuzi wa gumbo una njia tatu za kukazwa, na kila njia ina nasaba yake. Ya kwanza ni bamia, mmea uliovuka bahari kutoka Afrika katika zama za biashara ya utumwa ukastawi katika bustani za Louisiana, koloni ambayo Wafaransa waliijengea mji wa New Orleans mwaka 1718. Ya pili ni ruu, yaani unga wa ngano uliokaangwa katika mafuta, ambayo ni elimu ya majiko ya Ufaransa. Na ya tatu ni filé, unga wa majani makavu ya mti wa sasafrasi, ambao wageni wote, wa hiari na wa minyororo, waliupata kwa Wachoctaw, wenyeji wa nchi ile. Mary Randolph wa Virginia, katika kitabu chake cha mapishi kilichotoka mwaka 1824, aliiandika gumbo ya bamia, maji machache, chumvi, pilipili na siagi, bila unga wala nyama. Na mwanamke yeyote wa Karungu au wa Mbita angeitambua mara moja kuwa ni mboga ya siku zote, isiyohitaji jina la kigeni. Filé haipatikani kwetu, nasi tuiache. Zilizobaki ni njia mbili, na hapo ndipo palipo na hoja.

Mpishi wa kando ya Ziwa Viktoria hahitaji kufundishwa habari za utelezi, kwa kuwa amelelewa kwa apoth, yaani mrenda, ambao Waluo huuchemsha katika maji machache pamoja na bala, magadi ya kienyeji, huku wakiukoroga na kuutazama usifure ukamwagika, hata uwe mzito wa kuvutika, aghalabu wakiuchanganya na majani ya kunde ili upate kujaa mdomoni. Ute wa mrenda na ute wa bamia ni wa jamii moja: ni minyororo mirefu ya sukari, japo haina utamu, ambayo ikikutana na maji huyanywa na kuvimba, na kwa hivyo huuzuia mchuzi usitiririke. Magadi, kwa tabia yake ya alikali, huzilegeza kuta za majani zikauachilia ute huo upesi, na papo hapo huuhifadhi ukijani ambao kuchemka kwa muda mrefu katika maji matupu huugeuza kuwa rangi ya tope. Walakini neema hiyo ina ushuru wake, kwani alikali huiharibu vitamini C na thiamini, na mpishi mwenye busara hutia bala ya ncha ya kijiko na kuishia hapo. Nyanya hutenda kinyume. Ukali wake huupunguza nguvu ute wa bamia, tunda likaiva laini pasipo kuvuta nyuzi kutoka bakulini hadi kidevuni, na hiyo ni sababu mojawapo ya bamia na nyanya kuandamana katika gumbo ya Wakrioli wa mjini, ilhali Wakajuni wa mashambani, ambao hutegemea zaidi ruu iliyokolea, aghalabu huziepuka nyanya.

Mama mkubwa wa nyumba ile, mzaliwa wa Kendu Bay, alipoziona bamia zikikatwa aliuliza kama ambavyo mtu yeyote wa kwao angeuliza:

"Mwanangu, bala iko wapi?"

"Leo hatutii bala, Mama. Tunatia nyanya."

"Basi hiyo si mboga," akasema, akavuta kigoda akaketi ili auone mwisho wake.

Swali lake lilikuwa la kitaalamu kuliko alivyokusudia, maana limegusa kosa ambalo nimeliona kwa wapishi wengi wa pande zetu wanaotaka kuchanganya mila mbili katika sufuria moja, wakatia magadi kwa mazoea na nyanya kwa kufuata maelezo, wasijue kwamba alikali na asidi zikikutana hupambana, povu likapanda, na zote mbili zikapoteza kazi zilizoitiwa: utelezi haukukamilika wala haukuondoka, nyanya zimepoa ladha, na kilichosalia ni uchumvi usiopendeza ulimini. Ni heri kuchagua. Kwa kuwa watoto wa nyumba ile, kama watoto wengi waliokulia mjini, huukimbia utelezi, mpishi alizichagua nyanya, akaishusha bamia cheo ikawa msaidizi, na utawala akaukabidhi ruu.

Ama ruu, huo ndio mlango mgumu, na jiko la makaa limeuzidisha ugumu, kwa sababu ruu yataka moto unaotii, ilhali makaa hayana kifungo cha kupunguzia. Mpishi aliutatua ugumu huo kwa hekima ya kienyeji: aliyaacha makaa yashike vema, kisha akayatoa nusu na kuyafukia yaliyobaki kwa jivu jembamba, ndipo akaweka sufuria nene, akatia kikombe kimoja cha mafuta ya kupikia na kikombe kimoja cha unga wa ngano, akaanza kukoroga kwa mwiko bapa ulioweza kufika hata pembeni mwa kitako, bila kuacha, kwa muda wa nusu saa na zaidi. Unga hupita rangi kwa rangi: kwanza mweupe, halafu wa mchanga, halafu wa ganda la karanga iliyokaangwa, na mwisho, kwa anayethubutu, hudhurungi iliyokaribia weusi. Wengi husifu rangi hiyo ya mwisho kana kwamba ndiyo shahada ya upishi. Mimi siwaungi mkono panapokuwa na watoto mezani, kwani kadiri unga unavyozidi kukolea ndivyo wanga wake unavyovunjika na kupungukiwa na nguvu ya kukaza, mpishi akalazimika kutumia ruu nyingi zaidi, na uchungu mwembamba ukaingia ambao mtu mzima huuita ladha na mtoto huusukumia kando ya sahani. Mpishi wetu alisimama kwenye rangi ya karanga. Hadhari mbili hazina budi kutajwa: ruu ni moto kupita maji yachemkayo, nayo hung'ang'ania ngozi, basi watoto wasicheze karibu na jiko, na chembe nyeusi zikionekana, hata chache, ruu yote imwagwe na kazi ianzwe upya, kwa maana harufu ya kuungua haifichwi na kiungo chochote.

Kinachosimamisha kuiva kwa ruu ni vitunguu, vinavyotiwa vyote kwa mara moja, maji yake yakaipoza. Wakrioli huviandamanisha na hoho na seleri. Vitunguu na hoho vilikuwapo kwa wingi. Seleri haikupatikana siku ile, ikatumiwa mabua ya dania yaliyokatwa ndogondogo, ambayo hayafanani nayo kwa harufu, ila yaliupa mchuzi uchangamfu, nami sikuona hasara. Kitunguu saumu kilifuata, kisha nyanya nne zilizomenywa na kupondwa, zikapikwa hata mafuta yakaanza kujitenga.

Supu ndiyo iliyonifurahisha kuliko vyote. Kote ziwani hujulikana mgongo wazi, yaani kichwa na mifupa ya mbuta (sangara) inayobaki baada ya viwanda kuondoa minofu kwa ajili ya kuiuza ng'ambo, kitu ambacho wenye uwezo hukidharau na wasio nacho hukikaanga. Nacho kina gundi na mafuta ya kutosha kutoa supu ambayo mpishi wa New Orleans huitafuta katika maganda ya kamba na kaa. Kilichemshwa kwa moto wa taratibu pamoja na kitunguu kimoja na majani ya dania, kwa dakika arubaini pasipo kuzidisha, kwani mifupa ya samaki ikikaa mno huleta uchungu. Kisha ikachujwa mara mbili, ya pili kwa kitambaa, ili usipite mwiba hata mmoja. Lita tatu za supu hiyo, ikiwa bado ya uvuguvugu, zilimiminwa juu ya ruu upawa kwa upawa, mwiko ukizunguka, mpaka mchuzi ukawa mmoja.

Katika gumbo ya Louisiana aghalabu huwamo soseji ya nguruwe iliyofukizwa moshi, na hapa palihitajika fikira, maana Nyanza Kusini ni nchi ya Wasabato tangu misheni yao ilipoanzishwa Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na Kendu Bay hiyohiyo ina jamaa ya Waislamu wa tangu zamani. Hivyo nguruwe angewatenga wageni nusu. Kilichotakiwa katika soseji ile si nguruwe bali ni moshi na ukavu, na vyote viwili vimo katika aliya, nyama ya ng'ombe ambayo Waluo huikausha kwa jua au juu ya moshi wa jikoni. Aliya ilioshwa, ikaloweshwa, ikachemshwa peke yake hata mzee akaweza kuikata kwa ulimi, ndipo ikaingia katika mchuzi; na kwa kuwa aliya nyingine hukaushwa kwa chumvi, chumvi ya sufuria haikutiwa mpaka mwisho. Kwa hoja hiyohiyo ya Wasabato, mumi na kamongo, samaki wanaohesabiwa kuwa hawana magamba, waliachwa sokoni, ijapokuwa nyama yao ingeustahimili moto kwa muda mrefu.

Samaki aliyechaguliwa ni mbuta. Wapo wazee wasiomsamehe samaki huyu, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950 na kuwamaliza wadogo wengi wa asili, nao husema kwamba mchuzi wa ngege ulikuwa na ladha ambayo wa leo hawaijui. Sibishani nao kwa ladha. Lakini ngege ana miiba midogo inayotaka macho na subira, na watoto wenye haraka hawana hata kimoja, ilhali mnofu wa mbuta hukatwa vipande vikubwa visivyo na mwiba, na mafuta yake huufanya usikauke. Vipande viliingia mwisho kabisa, mchuzi ukitokota polepole, vikakaa kama dakika nane, na tangu vilipoingia mwiko haukugusa sufuria: ilitikiswa kwa mikono miwili.

Kabla ya hapo bamia zilikwisha kutiwa, na namna zilivyotayarishwa yastahili kutajwa. Zilioshwa zikiwa nzima, zikakaushwa kwa kitambaa, ndipo zikakatwa, kwa sababu bamia iliyokatwa ikiwa na maji huanza kutoa ute hapo hapo ubaoni; kisha zikakaangwa peke yake katika kikaango cha moto mkali hata kingo zikageuka rangi, na robo saa kabla ya samaki zikajiunga na mchuzi wa nyanya. Ute uliobaki ulitosha kuung'arisha mchuzi na kuushikamanisha, pasipo nyuzi. Mama mkubwa alionja akakubali kwamba ni chakula, ila jina la mboga hakulirudisha.

Pilipili haikuingia sufuriani hata punje. Ilisagwa na ndimu na chumvi, ikawekwa kibakuli mbele ya watu wazima, na huo ndio utaratibu ninaoupendelea, kwa kuwa kupika gumbo kali kisha kuipunguza kwa maziwa kwa ajili ya watoto ni kuwanyima wote. Wali ulikuwa wa mchele wa bonde la mto Kuja ya chini, kule Nyatike, katika Migori yenyewe. Wageni wa Migori hawakukosa kulitaja hilo. Palikuwa na ugali pia, maana si kila mtu wa ziwani huamini kwamba ameshiba kwa wali.

Kilichobaki kilipoozwa upesi kwa kuiweka sufuria katika karai la maji baridi, kikahifadhiwa katika friji. Asubuhi ruu ilikuwa imekaza mno, ikahitaji kikombe cha maji na moto mdogo. Aliya ilikuwa tamu kuliko jana, lakini mbuta alikuwa amesambaratika akawa nyuzi, na bamia zimepoteza umbo. Mwenye kutaka gumbo ya siku mbili, basi, na apike mchuzi wote pamoja na aliya siku ya kwanza, na bamia na samaki avitie kwa kila mlo kiasi cha watakaokula.