Kijito Chini ya Viwanja Vitupu

Wiki tatu nimekuwa na The Language of Landscape, kitabu cha Anne Whiston Spirn cha mwaka 1998, na kusema kweli nilikiweka chini mara mbili. Mwandishi ni msanifu wa mandhari. Hoja yake ni kwamba ardhi ni lugha: ina msamiati, ina sarufi, mpaka kejeli. Sisi tuliokaririshwa tamathali za semi kidato cha tano tunachoka mapema. Kila kitu kikishakuwa sitiari, sitiari inabaki na kazi gani?

Kitabu kinapata uhai kinapofika Mill Creek, mtaa wa watu weusi magharibi mwa Philadelphia. Spirn alikuwa anafundisha Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na mwaka 1987 alianzisha mradi uliowatoa wanafunzi wake wa usanifu darasani na kuwapeleka mitaani. Kilichomsumbua ni viwanja vilivyotelekezwa. Magugu, takataka, misingi ya nyumba ambazo hazipo tena. Jibu la haraka lilikuwepo: umaskini, basi. Yeye akafungua ramani za zamani, akaona kwamba viwanja vingi havikutawanyika ovyo, vinafuata mstari. Chini yake kuna kijito kilichoingizwa kwenye bomba la majitaka karne ya 19, bonde likafukiwa kwa kifusi, nyumba zikajengwa juu. Kifusi kikatitia, nyumba zikapasuka. Kurasa hizi nilizisoma kama riwaya ya upelelezi, yaani usiku kucha.

Ila kuna neno linanikwama. Spirn anasema tumepoteza uwezo wa kusoma ardhi. Nani, sisi? Bustani ya Aspen Farms, ambako wanafunzi wake walifanya kazi, wakazi walikuwa wameianzisha wenyewe mwaka 1975 kwenye ardhi iliyoachwa, miaka 12 kabla ya mradi kufika. Hao walishasoma. Walichokosa ni wa kuwasikiliza, na hilo si tatizo la kusoma na kuandika.

Nasema hivi nikiwa na deni. Niliwahi kutumwa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, baada ya mafuriko. Mama mmoja muuza maandazi alinionyesha alama za maji ukutani kwake, moja juu ya nyingine.

"Hii ya mwaka jana, mwanangu. Hii ya kabla yake. Ukijaza kifusi kule, maji yanakuja huku kwangu."

"Umewaambia wahusika, mama?"

"Nimekuambia wewe."

Habari ilipotoka, mtaalamu alikuwa na aya nne. Mama alikuwa na sentensi moja, tena bila jina, "mkazi wa eneo hilo". Niliiandika mimi, na wala hakuna mhariri aliyenilazimisha.

Kwa hiyo ninapolalamika kwamba Spirn anampa profesa macho na mkazi usahaulifu, najua ninayemlalamikia. Na lazima nimtendee haki: yeye hakuondoka. Alipohamia MIT mwaka 2000 aliendelea na Mill Creek, na watoto wa shule ya pale walikuwa wameshaingizwa kuchora na kuandika kuhusu kijito chao. Mimi bondeni nilikaa saa mbili. Maandazi nilikula mawili, na hela yake alikataa.